Ukuta mkubwa unataka usimame

Ukicheza Jet Set Radio hata kwa robo saa, utaona inakudai kitu ambacho gemu za kuteleza kwa viatu vya magurudumu hazina kawaida ya kukudai. Inakutaka usimame. Umetoka mbio, umeserereka juu ya reli ya ngazi, umerukia paa, muziki umepamba moto, wapita njia wanakupisha huku wakipiga mayowe, na sasa uko mbele ya ukuta mkubwa wenye mshale wa kukuonyesha pa kupaka. Hapo mwendo wote unakatika. Unabonyeza kitufe, mhusika wako anageukia ukuta, na kwenye skrini zinatokea alama za kufuata: zungusha kijiti cha pedi nusu duara kulia, kisha robo kushuka, kisha duara zima. Kila mzungusho unakula kopo la rangi na kutoa kipande cha mchoro. Saa haikungoji. Polisi nao hawakungoji. Na wewe umewapa mgongo.

Mimi ni fundi rangi. Napuliza matatu na tuktuk kwenye gereji moja hapa Mombasa, na kabla ya hapo nilikuwa naandika vibao vya maduka kwa brashi. Gemu zenye grafiti, yaani michoro na maandishi ya kupuliza ukutani, nimecheza nyingi. Nyingi huitumia kama pambo tu: kuta zimeshachorwa tangu mwanzo ili mtaa uonekane wa vijana, au unabofya mara moja na picha nzima inatokea. Jet Set Radio ndiyo niliyoiona inajua kwamba kuchora ni kazi ya mkono. Kidole gumba chako kinazunguka kweli. Ukikosea mwelekeo, rangi haitoki.

Nieleze kidogo kwa asiyeijua kazi yetu. Kopo la rangi ya kupuliza ukilisogeza karibu mno na bati, rangi inajaa na kutiririka. Ukilirudisha nyuma mno, inatawanyika na ukingo unakosa makali. Mstari mrefu ulionyooka hauchorwi kwa kifundo cha mkono. Unachorwa kwa bega na kiuno, mwili ukihama pamoja na kopo, na mkono umeshaanza kutembea kabla kidole hakijabonyeza, maana ukianza kubonyeza mkono ukiwa umetulia, mwanzo wa mstari unakuwa na kinundu. Herufi ya mviringo, tuseme O au S yenye kimo cha mtoto, ni bega linalozunguka. Sasa hawa jamaa walikuwa na kijiti kimoja kidogo chini ya kidole gumba cha kushoto, na bado wakapata njia ya kuutia humo mzunguko wa bega. Mara ya kwanza nilipofuatisha lile duara zima na rangi ikafunguka ukutani, nilihisi kwenye bega langu kabisa.

Grafiti za ndani ya gemu zina saizi tatu: S, L na XL. Ndogo unaipiga ukipita tu, mbofyo mmoja, bila kupunguza mwendo. Kubwa ndizo zinazotaka usimame. Wachoraji wa New York wa miaka ya 1970, wale waliochora mabehewa ya treni za chini ya ardhi, walikuwa na mgawanyo uleule. Kulikuwa na jina la haraka la rangi moja, kulikuwa na herufi nene za kujazwa upesi, na kulikuwa na kazi kubwa ya rangi nyingi iliyomweka mtu yadini usiku mzima akisikiliza kama mlinzi anakuja. Kadiri kazi ilivyokuwa kubwa ndivyo hatari ilivyozidi, na heshima nayo. Gemu imeifuata hesabu hiyo mpaka kwa wahusika wenyewe. Kila mmoja ana viwango vyake vya nguvu, vya ufundi wa kuteleza na vya grafiti, na yule mwenye kipaji kikubwa cha grafiti ndiye anayedaiwa mizungusho mingi na migumu zaidi, ndiye pia anayepata alama nyingi zaidi. Kwa hiyo msanii bora wa kundi ndiye anayekaa ukutani muda mrefu kuliko wenzake, mgongo wazi. Sijui gemu nyingine iliyothubutu kumpa mchezaji zawadi ya namna hiyo, na kwangu mimi huo ni ukweli wa kazi umeandikwa kwa namba.

Ilitengenezwa na Smilebit, timu ya ndani ya Sega, kwa ajili ya mashine yao ya gemu, Dreamcast. Ilitoka Japani Juni 2000, ikafika Marekani na Ulaya kabla mwaka haujaisha. Wamarekani waliipata kwa jina la Jet Grind Radio. Mwongozaji alikuwa Masayoshi Kikuchi, na upande wa sanaa uliongozwa na Ryuta Ueda. Baadhi ya michoro ya ukutani waliwaomba watu wa grafiti wenyewe waichore, akiwemo Eric Haze wa New York, ambaye alianza ukutani akiwa kijana kisha akaishia kuchora nembo za watu wa hip hop. Unaweza kuitambua michoro hiyo hata kama humjui aliyeichora. Herufi zinashikana vizuri, uzito umekaa chini panapostahili, hakuna mkia uliowekwa kwa kujaza nafasi.

Dreamcast yenyewe haikudumu. Januari 2001 Sega walitangaza kwamba wanaacha biashara ya kutengeneza mashine za gemu, miezi michache tu baada ya Jet Set Radio kuingia madukani Ulaya na Marekani. Huku kwetu sikuiona hata moja wakati huo. Mabanda ya gemu niliyokua nayo yalikuwa ya PlayStation, na foleni yote ilikuwa ya mpira. Mimi niliipata baadaye sana, kwenye kompyuta, toleo lililosafishwa picha ambalo Sega walilitoa 2012.

Na picha zake ndizo zilizonivuta kwanza, kabla sijagusa pedi. Kwa kawaida umbo la 3D likiangaziwa, mwanga hufifia polepole kutoka upande mmoja wa uso hadi mwingine, na ukishuka ngazi za rangi nyingi nyingi. Hapa ngazi zimekatwa zikabaki mbili: palipo na mwanga na palipo na kivuli, na mpaka kati yake ni mkali. Kisha kila mhusika akazungushiwa mstari mweusi mnene, kama wanja kwenye jicho. Kupata mstari huo si jambo dogo, kwa sababu mhusika anazunguka na mstari lazima uzunguke naye. Njia moja ambayo mafundi hutumia ni kulichora umbo mara mbili, la pili likiwa jeusi na limetanuka kidogo nyuma ya la kwanza, kwa hiyo kinachochungulia pembeni ndicho unachokiona kama wino. Leo gemu za sura hii zimejaa. Mwaka 2000 zilikuwa jambo geni, na hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulishikilia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtu wa rangi ataelewa kwa nini uamuzi huo haujazeeka. Gemu za wakati ule zilizojaribu kufanana na picha za kamera sasa zinaonekana zimechakaa, nyuso za watu kama udongo. Hii bado iko safi. Rangi bapa yenye ukingo mkali inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara na inasomeka ikiwa mwendoni, na ndiyo maana sisi wa matatu tunaitumia hiyohiyo. Gari likipita kasi pale Makupa, una muda mchache sana wa kumwambia mtu wa kituoni wewe ni nani. Mchoro wenye vivuli vingi vya taratibu unageuka uji.

Mji wa gemu unaitwa Tokyo-to, Tokyo ya kubuni, na una mitaa mitatu mikuu. Shibuya-cho ni ya mchana, ina stendi ya mabasi, magari yanakatiza na watu wamejaa, na imechukua jina kwa Shibuya ya kweli, mahali ambapo vijana wa Japani wa miaka ile walikuwa wakienda kuonyeshana mavazi. Benten-cho ni ya usiku, taa za rangi kila upande. Lakini mtaa wangu ni Kogane-cho.

Kogane-cho ni jioni isiyokwisha. Jua limekaa pale linapotaka kuzama na halizami, na kila kitu kimepakwa rangi ya chungwa iliyoiva: nyumba za watu wa kawaida, mapaa, nyaya za umeme, mifereji, mahali palipo na ujenzi ambao haujakamilika. Waliouchora mtaa huu hawakuufanya wa kitalii. Ni mtaa wa watu wanaorudi kutoka kazini. Na kwa sababu mwanga ni mmoja, wa chungwa, waliweza kuzifanya grafiti zenye buluu na kijani ziruke mbele ya macho. Fundi yeyote anajua kwamba rangi haina nguvu peke yake, inapewa nguvu na jirani yake, lakini kuupanga mtaa mzima ili jirani wa kila ukuta awe machweo, hiyo ni akili kubwa. Nimewahi kuichukua rangi ile nikaitia kwenye basi dogo la abiria thelathini na tatu, chungwa chini na herufi za feruzi juu, na lilipotoka gereji asubuhi makanga wake alilizunguka akicheka kwa furaha.

Wewe ni wa kundi linaloitwa GG, vijana waliotoroka kwao wakajenga maskani yao kwenye gereji moja. Unaanza na Beat, kijana mwenye visikizi vikubwa masikioni, kisha anaongezeka Gum mwenye helmeti, kisha wengine. Wanavyojiunga kunanipendeza sana. Mtu anakuja maskani, anaonyesha mtindo wake wa kuteleza, anakuambia uurudie. Ukiweza, ni mwenzenu. Hakuna maneno mengi. Mtaani pia huwa hivyo: unaletwa gereji, unapewa bati bovu na kopo lililobaki robo, watu wazima wanaendelea na chai yao huku wanakutazama kwa pembeni.

Wapinzani ni makundi mengine. Poison Jam wamevaa kama mazimwi na wanajificha kwenye mifereji ya maji machafu. Love Shockers ni wasichana waliovunjwa mioyo, wametawala Shibuya-cho. Noise Tanks wamejaa nyaya na mashine. Kuwashinda, huwapigi ngumi. Unawafukuza mitaani na kuwapuliza rangi mgongoni. Ugomvi wote wa makundi unaishia kwenye rangi, nani kapaka juu ya nani, na mimi naona watu wa Smilebit walifanya jambo la heshima hapo. Ingekuwa rahisi sana kuwapa vijana hawa visu na bastola. Silaha zote za gemu hii ziko upande mwingine.

Upande huo unaanza na askari wachache wanaokukimbilia na kukurukia wakung'ang'anie. Anakuja Kapteni Onishima mwenye koti refu na bastola kubwa kupita kiasi. Kisha, kadiri unavyozidi kupaka, wanaletwa wa gesi ya machozi, helikopta, mpaka vifaru vinaingia barabarani. Kwa sababu ya rangi ukutani! Nyuma yao yuko tajiri Goji Rokkaku na kampuni yake, anayetaka mji wote uwe wake, na ana genge la wauaji wenye suti. Kisa chenyewe kinaizunguka santuri moja ambayo Rokkaku anaamini itamwezesha kumwita shetani. Hapo hadithi inayumba na sina mengi ya kuisifia. Lakini ule upandaji wa ngazi, kutoka askari mmoja hadi kifaru, unakuonyesha kitu bila hotuba yoyote: nguvu inayotumika hailingani hata kidogo na kosa lenyewe, na kinachowaudhi wenye mji si uchafu wa ukuta, ni kwamba mtu ambaye hawakumwomba ametia jina lake hapo.

Gemu inafunguka kwa tangazo la Sega kwamba kuharibu mali ya watu kwa grafiti ni kosa kisheria. Naliheshimu tangazo hilo. Sijawahi kupaka ukuta wa mtu bila ruhusa wala sitaki mpwa wangu afanye hivyo. Nakula kwa rangi, na anayelipa ndiye mwenye bati. Lakini nimeishi kwenye nchi ambayo rangi imekuwa jambo la serikali zaidi ya mara moja. Kanuni za matatu za 2004 zilileta ule mstari wa manjano ubavuni, na kwa miaka michoro ikapungua kabisa barabarani, mpaka iliporuhusiwa tena na vijana wakarudi kwa kishindo. Na 2018 majengo ya katikati ya Mombasa yaliagizwa yapakwe nyeupe na buluu. Ukiingia kwa feri ukautazama mji kwa mbali, ulipendeza, nasema kweli. Ila kulikuwa na kuta za maduka zenye maandishi ya mkono ya mafundi wazee walionifunza kazi, herufi zenye kivuli cha manjano zilizopimwa kwa uzi wa chaki, na nyeupe ilipita juu yake. Ninapomwona Onishima akitimua vumbi kwa sababu ya ukuta mmoja, huwa nazikumbuka zile herufi.

Kuna uhusiano mwingine kati ya Tokyo-to na barabara zetu, nao ni redio. Kundi la GG linaongozwa na sauti ya DJ Professor K, anayetangaza kutoka kituo kisicho na leseni, na yeye ndiye anayekusimulia kila kitu. Muziki na mchoro ni kitu kimoja humo ndani. Nani wa Nairobi au Mombasa ataambiwa hilo akashangaa? Matatu ni spika na ni ukuta. Vyote viwili tulivipokea kutoka palepale gemu ilikovipokea, kwa vijana Weusi na wa Puerto Rico wa New York, kisha kila mmoja akavitia lafudhi ya kwake.

Muziki mwingi ni wa Hideki Naganuma. Njia yake ilikuwa kuzikata sauti za watu vipande vidogo vidogo na kuvipanga upya mpaka maneno yanapoteza maana na kubaki mdundo. Unasikia mtu anasema kitu, unajua ni lugha, lakini hupati sentensi. Ni jambo lilelile ambalo grafiti inayafanyia maandishi. Herufi zinapindwa, zinaingizwa ndani ya nyingine, mpaka mpita njia hasomi tena bali anaona umbo tu na nguvu yake. Sijui kama alikusudia hivyo, lakini ukichora huku muziki ule unapiga, mkono na sikio vinafanya kazi moja. Nikiwa gereji na kompresa haingurumi, huo ndio muziki ninaouweka.

Sasa kasoro, maana ninayempendekezea gemu hii lazima ajue. Kamera inasumbua. Kwenye Dreamcast kitufe cha L kilipewa kazi mbili, kuirudisha kamera nyuma ya mhusika na kupuliza rangi, kwa hiyo ulipotaka kutazama huku ulikuwa ukipuliza, na ulipotaka kupuliza mji mzima uligeuka. Toleo la 2012 liliweka kamera kwenye kijiti cha kulia na hali ikawa nafuu zaidi. Kuruka nako kuna uzito wa ajabu, mhusika anachelewa kushika kasi, na hatua za mwisho zinakuchosha kwa kukurudisha mwanzo. Uzito huo mimi nimeuzoea na hata naupenda, kwa sababu viatu vya magurudumu ni vizito kweli, lakini wapo waliouacha mchezo palepale Shibuya-cho na siwezi kuwalaumu.

Mpwa wangu alikaribia kuwa mmoja wao. Anakuja gereji siku za likizo, na laptopu yangu iko pale kwa ajili ya kuchorea. Alikuwa na kuta mbili zilizobaki, saa imekaribia kwisha, na alikuwa akikimbilia ukuta mkubwa moja kwa moja kila mara.

"Mjomba, si tuziache hizi kubwa? Nipige ndogo ndogo tu."

"Haitahesabika. Zote lazima ziishe."

"Na hawa askari je? Nikianza tu wananirukia."

"Wavute kwanza. Wapeleke mpaka kule kwenye mabasi, wakufuate wote, kisha kata kona urudi. Utapata nafasi."

Aliwavuta. Akaserereka juu ya reli, akaruka, akawaacha wanazunguka chini, akarudi ukutani na kuanza mizungusho, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Aliimaliza XL huku wa kwanza wao akitokea konani. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kwa nini ukuta mkubwa unachukua muda.

Mwaka 2002 Smilebit walitoa ya pili, Jet Set Radio Future, ya Xbox. Mji ulikuwa mkubwa zaidi na mitaa imeunganishwa, saa iliondolewa karibu kote, na kupaka kukawa kwa kubofya huku ukipita. Wengi wanaiona bora, na kwa kuteleza peke yake wana haki. Inatiririka. Lakini walipoondoa mizungusho ya kijiti waliondoa kile ninachokuja kukitafuta. Unapita mbele ya mchoro wa ajabu, umeumaliza, na hukuutazama. Kuipata ni taabu pia, kwa sababu haijawahi kutolewa upya kwenye mashine za leo.

Timu ya Uholanzi, Team Reptile, ndiyo iliyoubeba mtindo huu mbele zaidi. Bomb Rush Cyberfunk yao ilitoka Agosti 2023, ikiwa na viatu vya magurudumu, skeitibodi na baiskeli za BMX, na Naganuma mwenyewe aliwatungia baadhi ya muziki. Mhusika mkuu anakatwa kichwa kwa santuri mwanzoni kabisa na kuamka akiwa na kichwa cha chuma. Kwenye kuta kubwa unaunganisha nukta kwa kijiti, na njia unayopita kati ya nukta ndiyo inayoamua ni mchoro upi utokee, kwa hiyo mkono umerudi kazini. Polisi wakikuzidi, unaingia kwenye choo cha plastiki cha barabarani, unabadilisha nguo na kutoka wakiwa hawakujui. Nimeipenda sana. Askari wake tu ndio hawajanitisha vya kutosha, na mji wake wa New Amsterdam, pamoja na uzuri wake wote, hauna mahali palipo na mwanga kama wa Kogane-cho.

Desemba 2023 Sega walitangaza kwamba wanatengeneza Jet Set Radio mpya. Nawaomba wasiogope kumsimamisha mchezaji. Kila gemu ya siku hizi inakimbilia mwendo usiokatika, na najua kuna watu ofisini watakaosema ukutani pafupishwe ili vijana wasichoke. Wasisikilizwe. Mchezaji akisimama mbele ya ukuta na vifaru vinakuja, ndipo anapojua kama mchoro ule anautaka kweli.

Kwa wanaouliza waipate wapi: ile ya 2012 iliondolewa kwenye duka la mtandaoni la Steam Desemba 2024, pamoja na gemu nyingine za zamani za Sega. Aliyeinunua kabla ya hapo bado anayo. Nakala za diski za Dreamcast zinazunguka kwa watu, bei inategemea unayekutana naye. Bomb Rush Cyberfunk inauzwa kawaida, na laptopu ya wastani inaibeba.

Na kama uko Pwani hii na una Dreamcast nzima iliyokaa kabatini, hata bila diski, niandikie. Pesa nitatafuta, na kama una gari linalohitaji rangi, tunaweza kuelewana pia.